Buti Mbili za Kushoto

Wewe unayesoma, usijifanye hukuwapo. Hekalu la Saengthip lilipoezekwa kwa dhahabu ulisema "limependeza", ukaenda zako. Mkuu wake, Baba Mtukufu Suriyon, aliposhuka kwenye gari jeusi lenye vioo vya giza, uliunganisha viganja, ukainamisha kichwa hadi kidevu kikagusa kifua. Ulipokiinua, fedha za chama cha akiba cha akina mama wa soko la Bang Maprang zilikuwa zimeshageuka vigae vya paa. Hukuona. Utaonaje, nawe unatazama vidole vya miguu yako?

Basi kwa kuwa hukutazama, utasimuliwa. Na hakuna pa kuanzia isipokuwa kwa Kamron, mtu ambaye usingemkabidhi hata mwavuli, lakini angalau macho yake yalikuwa wazi.

Kamron aliuza hirizi za kale nje ya lango la hekalu. Ukale wake aliupika mwenyewe kwa udongo, chai kali na moshi wa jiko la shangazi yake, Chaliao, aliyechoma ndizi hapohapo langoni. Hirizi iliyoingia motoni Jumatatu ilitoka Ijumaa ikiwa imenusurika vita viwili na kuzama kwa meli.

Asubuhi ile polisi walifika na hati ya kumkamata Baba Mtukufu kwa wizi wa fedha za watu. Kamanda Narongdet, mtu mnene mwenye sauti ya honi, aliwapanga askari wake, akakohoa, akanguruma: "Ingieni!" Askari wakakimbia hadi ngazi za ukumbi mkuu, na hapo mkono mrefu wa dola ukasimama, ukainama, ukaanza kufungua kamba za buti. Hekaluni huingii na viatu, hata uwe umetumwa na hakimu.

Kufumba na kufumbua, palikuwa na mlima wa buti nyeusi juani, zote zinafanana kama nzi. Wengine waliona buti. Kamron aliona riziki.

Alipiga mbio nyumbani, akarudi amevaa shati jeupe na suruali nyeupe kama muumini wa kujitolea, na meza ya kukunja kwapani.

"Afande," alimwambia Kamanda, viganja vimeungana usoni, "kamati ya hekalu imenituma nitunze viatu vya maafande."

"Kamati? Tangu lini wametuonea huruma?"

"Siyo huruma, afande. Ni harufu. Waumini wanashindwa kusali."

Kamanda alivuta hewa puani, akaona hoja ina mashiko. Dakika hiyohiyo Kamron akawa mtunza buti wa operesheni nzima. Juu ya meza aliweka bakuli, na ndani ya bakuli akatanguliza noti zake mwenyewe, ili noti za wengine zisione haya kuingia.

Ndani, upekuzi ulikuwa na matatizo yake. Waumini walikaa sakafuni bega kwa bega wakisali, na askari aliyelelewa vizuri haruki kichwa cha mtu, kwa hiyo walipita kwa magoti. Halafu kulikuwa na watawa. Hekalu lilikuwa na mamia, na kila mmoja amenyoa kichwa, amenyoa na nyusi, amevaa joho la rangi ya manjano.

"Afande, tumempata!" sajini mmoja aliita, picha ya mtuhumiwa mkononi.

"Yuko wapi?"

"Kote, afande."

Jua lilipokuwa kali, Shangazi Chaliao alisukuma mkokoteni wake hadi kwenye meza ya mpwa wake. Ilikuwa siku ya Songkran, mwaka mpya, mji mzima unamwagiana maji, na yeye alikuwa na ndoo yake ya maji yenye maua na bakuli la uji wa unga mweupe wa kupakana mashavuni. Lakini uso wake haukuwa wa sikukuu.

"Umekuwa dobi wa polisi sasa?"

"Mtunzaji, shangazi. Ni cheo."

"Mwenye kiwanja alikuja tena jana. Mwezi ukiisha sijalipa, ananibomolea." Aligeuza ndizi kwa nguvu, kana kwamba zimemkosea. "Nimeweka chamani tangu nikiwa na meno yote. Nimeweka mvua, nimeweka jua. Mwenyekiti wetu kazibeba zote kampelekea huyu, eti anatununulia thawabu. Mimi niliomba thawabu? Niliomba kiwanja!"

"Na bado unakuja kumsujudia Buddha humo."

"Buddha kanikosea nini? Aliyenikosea kavaa joho tu. Nawe usinichokoze, mwanamume mzima unayekula kwangu na kupika matope kwenye jiko langu."

Kamron alifungua kinywa ajibu, lakini hapo kivuli cha mwavuli wa hariri kikaanguka juu ya meza. Chini ya mwavuli alikuwa Bi Phikun, mweka hazina wa hekalu, mavazi meupe pepepe na nyusi zilizochorwa kwa ustadi wa mchora ramani. Shangazi Chaliao akasogeza mkokoteni kando, lakini masikio akayaacha palepale.

"Kaka," Bi Phikun alinong'ona, "kuna mfadhili wetu mmoja anahitaji buti. Jozi moja."

"Dada, hizi ni mali ya serikali. Mimi nikiguswa na jambo kama hilo silali." Kamron alishika moyo, upande usio wa moyo. "Miguu yake ikoje?"

"Laini."

"Anatembea sana?"

"Anabebwa."

"Na sare?"

"Sare tumeshona. Buti hazishoneki haraka." Alitazama huku na huku. "Pia tunahitaji ule utepe mwekundu wanaofungia masanduku ya ushahidi. Kipande tu."

Ndani ya kichwa cha Kamron kengele zote za hekalu ziligonga kwa pamoja. Mtu asiye na nyusi, mwenye miguu laini, amevaa sare, amebeba sanduku la ushahidi. Nani atamsimamisha askari anayetoa ushahidi? Na ndani ya sanduku, unadhani atakuwa amebeba nini, vitabu vya sala?

"Itagharimu," alisema kwa huzuni ya mtu anayeuza figo.

Bi Phikun alivua mkufu shingoni. "Dhahabu. Baba Mtukufu mwenyewe ameubariki."

Kamron aliuvaa ndani ya shati, akateua buti kwa uangalifu mkubwa. Moja alitoa kwa askari mrefu, nyingine kwa sajini wa ile picha. Zilifanana kwa ukubwa, kwa rangi, na kwa kitu kimoja zaidi: zote mbili zilikuwa za mguu wa kushoto. Utepe aliuomba kwa askari aliyekuwa akifunga masanduku ya ushahidi, akisema anataka kufungia bakuli la sadaka.

Bi Phikun alipoondoka, Kamron alimwinamia shangazi yake sikioni.

"Shangazi, atatoka afande mmoja anachechemea, ana sanduku. Mpe Songkran yote. Maji na unga."

"Wewe unapata nini?"

"Haki, shangazi."

"Kamron."

"Sanduku. Nitalificha chini ya magunia yako ya mkaa, tukutane nyuma ya duka la supu, kivukoni. Nusu yako, nusu yangu."

Mama mzee alimtazama kwa muda, jinsi anavyotazama ndizi kujua kama imeiva. "Haya," alisema.

Kamron hakukaa bure. Asije askari mwenye mbio akamkimbiza yeye na sanduku, alipita kwenye mlima wa buti akazifunga kamba, ya huyu kwa ya yule, ya yule kwa ya mwenzake, mpaka kikosi kizima kikawa mnyororo mmoja.

Baada ya chakula cha mchana, mlango wa pembeni ulifunguka. Akatoka afande wa makamo, kofia imeshuka hadi masikioni, sanduku la chuma lenye utepe mwekundu kifuani, anatembea kama bata aliyekanyaga msumari. Chini ya kofia palikuwa na nyusi mbili nene, nyeusi, za kupendeza mno kwa uso wa mwanamume.

Sajini wa lango akampigia saluti.

"Uishi miaka mingi, mwanangu," afande akamjibu, akapita.

Sajini aliushusha mkono polepole. Ofisa gani anawabariki watu?

"Heri ya mwaka mpya, afande wangu!" Shangazi Chaliao alimkabili njiani na ndoo, akammwagia yote kuanzia kofia. Umati ukashangilia. Maji yakateremka, na nyusi nazo zikateremka, moja ikaishia shavuni, nyingine mdomoni. "Na mashavu hayo, mwanangu, njoo nikupake!"

Akanyoosha kiganja chenye unga mweupe.

Sasa, askari yeyote angecheka, akatoa shavu. Lakini mtawa haguswi na mwanamke, na huyu, pamoja na dhambi zake zote, hilo moja alikuwa amelishika tangu ujana wake. Mwili wake ulikumbuka kabla ya akili yake. Aliruka nyuma kama aliyeona nyoka, mikono ikaenda juu, na sanduku likaenda chini, kishindo, mbele ya gurudumu la mkokoteni. Kofia nayo ikalifuata.

Ndiyo hii sura! Kichwa kinachong'aa, uso usio na nyusi, uso ulio kwenye kalenda ya kila nyumba kuanzia sokoni hadi kwa Kamanda mwenyewe. Sajini alifungua kinywa apige kelele za kumkamata. Kelele hazikutoka. Viganja vyake viliungana vyenyewe, magoti yakakunjika, kichwa kikaenda chini. Mwenzake akafuata. Mstari mzima wa lango ukalala kama mpunga uliopigwa na upepo.

"Mkamateni!" Kamanda Narongdet alinguruma kutoka ngazini, viganja vyake mwenyewe vimeungana usoni. "Mkamateni Baba Mtukufu! Samahani, Baba Mtukufu!"

Baba Mtukufu hakungoja msamaha. Alikata kulia kuelekea mashamba ya okidi, ingawa buti zilitaka kwenda kushoto. Askari wa ukumbini walitoka mbio, wakavamia viatu vyao, wakavaa, wakapiga hatua moja, na wakaanguka wote kwa pamoja.

Walipoinua vichwa, hakukuwa na mtawa, hakukuwa na sanduku, na mama wa ndizi alikuwa akisukuma mkokoteni wake barabarani taratibu, akilalamikia uzito wa mkaa. Kamanda aliandika baadaye kwamba sanduku halikuwahi kuwapo. Kukiri lilikuwapo ni kukiri kwamba lilipochukuliwa yeye alikuwa ameinama, anatazama vidole vya miguu yake.

Kamron alifika kivukoni nyuma ya duka la supu akiwa ameshanunua pikipiki kichwani na anachagua rangi. Alingoja. Akala supu. Akabadilisha rangi ya pikipiki. Akala supu ya pili. Shangazi hakutokea.

Mwishowe alisikia ngoma na vigelegele kutoka sokoni, akaanza kukimbia.

Ofisi ya chama cha akiba ilikuwa wazi milango yote. Juu ya meza, mchana kweupe, lilikuwapo sanduku, na vipande vya dhahabu vikipita kimoja kimoja kwenye mizani ya muuza samaki na kamba. Shangazi Chaliao alikuwa akiita majina, wazee kwanza. Mbele yake wanawake walisimama foleni, wengine wakilia, wengine wakimsimanga mwenyekiti aliyejibanza kabatini.

"Shangazi!" Kamron alimvuta pembeni. "Nusu yangu?"

"Nusu ya jasho la nani?"

"Tulikubaliana!"

"Mimi nilisema 'haya'. Sikusema 'haya, wape watoto wa watu njaa'." Akaugeukia umati, sauti imepanda. "Akina mama! Huyu ndiye aliyetuletea! Mpwa wangu! Kahatarisha shingo yake, na hataki hata senti!"

Ofisi nzima ililipuka kwa shangwe. Walimmwagia maji, wakampaka unga hadi masikioni, wakamfunga nyuzi za baraka mikononi. Mkufu ulioloa shingoni mwake ulishaacha mstari wa kijani wa shaba. Kisha wanawake wote wakaunganisha viganja wakamwinamia, yeye, mpika matope, kwa shukrani.

Vichwa vyote vilikuwa chini. Dhahabu ilikuwa hapo, urefu wa mkono. Mkono wa Kamron, uliokuwa na desturi zake, ukaanza safari.

Kichwa kimoja hakikuinama. Shangazi Chaliao alikuwa amesimama wima, ndizi ya kuchoma mkononi, anamtazama tu.

Mkono ukarudi. Shangazi akaupa ile ndizi.

Kiwanja kimelipwa, na jiko liko palepale. Lakini Baba Mtukufu hajakamatwa, na paa bado linang'aa kwa fedha za vyama vingine, pengine na chako. Kwa hiyo wewe, funga hadithi hii usimame. Nenda leo kwenye chama chako, mlango ukiwa wazi, waambie wafungue sanduku mbele ya watu wote. Na ukikutana njiani na mtu mwenye nyusi nzuri kupita kiasi, anachechemea kwa buti mbili za kushoto, usithubutu kuinama. Mtazame usoni. Chukua ndoo. Mwaga!