Kwa Nini Siwezi Kusaini Fomu za Mapacha Wangu

Gereji ya Duignan,
Barabara ya Kanisani,
Kilvarna.
Jumatano, wiki ya pili baada ya Pasaka.

Kwa Bi. Attracta Hanratty,
Mwalimu Mkuu, Shule ya Sekondari ya Kilvarna.

Mheshimiwa Mwalimu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na gari lako pia, maana breki nilizokufungia mwezi wa pili zinapaswa kukufikisha hadi kustaafu. Mimi ni mtu niliyeona mengi. Nimepiga spana Liverpool, nimechomelea vyuma kwenye mtambo wa mafuta katikati ya bahari kule Norwei, na Boston nililala chumba kimoja na watu wa mataifa saba, kila mmoja akikoroma kwa lugha yake. Shule niliiacha nina miaka kumi na minne, au yenyewe iliniacha; mimi na mabruda waliotufundisha hatukuafikiana juu ya hilo. Lakini kulalamika kwa maandishi najua, na malalamiko yangu nimeyapa namba usije ukapotea njiani.

Shauri lenyewe ni fomu za kuchagua masomo za mapacha wangu, Fidelma na Lorcan, wanaoingia mwaka wa tano. Umeagiza zirudi na sahihi ya mzazi kabla ya Ijumaa saa sita mchana, na atakayechelewa atatupwa darasa lolote lenye kiti kitupu. Tena umepanga Ufundi wa Chuma na Sayansi Kimu katika kipindi kimoja, ili mtoto achague somo moja tu. Lorcan, mvulana, kachagua kupika. Fidelma, msichana, kachagua chuma. Nami kalamu nimeiweka chini, kwa sababu hizi:

1. Bango langu. Siku waliyozaliwa nilimwita mpaka rangi, akaandika juu ya mlango wa gereji "Duignan na Mwanawe wa Kiume," herufi za kusomeka ukiwa ng'ambo ya daraja. Miaka kumi na sita limekaa pale. Huyo mwana wa kiume akiingia gereji huziba pua na kuuliza kama nimekula.

2. Binti yangu. Mzee Packie Gilhooly aliniletea trekta lake likikohoa. Nililisikiliza siku mbili, huku nikimweleza Packie jinsi tulivyokuwa tukifanya Norwei. Siku ya tatu Fidelma akapita akitoka shule, begi bado mgongoni, akasimama. "Baba, linavuta hewa. Hapo kwenye kiungo cha bomba la dizeli." Nikamwambia, "Mwanangu, injini hii imezaliwa kabla ya mama yako." Akachukua spana namba kumi na tatu, akakaza, trekta likanguruma kama fahali. Tangu hapo Packie akifika hanisalimii vizuri. "Malachy, wewe keti unywe chai yako. Nimekuja kumwona daktari." Wa kulaumiwa ni Bwana Scully wako wa chuma, aliyemfungulia mtoto karakana akiwa na miaka kumi na mitatu. Enzi zetu masista waliwafundisha wasichana kushona upande huu wa ukuta, mabruda wakatufundisha chuma upande ule, na hakuna mzee aliyeaibishwa mbele ya trekta.

3. Mwanangu. Nyumbani kwangu huliwa nyama ya nguruwe, kabichi na viazi, na sijawahi kusikia kabichi ikilalamika. Sasa Mwalimu Concepta Tierney kamfundisha Lorcan. "Baba, kabichi haichemshwi kwa saa mbili nzima, kwani imeua mtu?" Nikamtazama mke wangu Noreen, mwenye kabichi yake, nikingoja amchape mwiko. Noreen akavuta kiti akaketi. Mwalimu, saa kumi na mbili jioni! Sijawahi kumwona ameketi saa hiyo tangu tuoane. Akasema, "Mwache mtoto. Ukitaka ya kuchemka saa mbili nzima, sufuria ile pale, na maji unajua yanatoka wapi." Nilichokula jioni ile sitaki kukizungumzia. Nilikula sahani tatu kwa ajili ya uchunguzi tu.

4. Mji mzima. Padri Fachtna keshamwomba Lorcan amfundishe mkate wa magadi. Timu ya mpira wanapeleka kaptura zilizochanika kwa golikipa wao, kwa sababu golikipa alipata alama ya juu kabisa ya kushona. Sasa nifuate taratibu. Wanawake wakitengeneza magari yao, na wanaume wakijua chumvi inawekwa wapi, nani atamhitaji nani? Harusi zitakwisha. Harusi zikiisha, hoteli inafungwa, ubatizo hakuna, Padri anabaki na mkate wake. Miaka kumi na miwili baadaye unafungua geti la shule, hakuna mtoto hata mmoja, na wewe Mwalimu umekosa kazi. Naandika haya kwa kukuonea huruma.

5. Hili nilitaka kuliruka. Lorcan anataja chuo cha wapishi kule Galway. Fidelma anataja Limerick, injini za ndege. Ndege, Mwalimu! Hapa Kilvarna hata kunguru hupita juu bila kusimama. Ukimweka Lorcan kwenye chuma, atakuwa fundi mbovu kiasi kwamba hatachukuliwa na mtu ila baba yake. Ukimweka Fidelma jikoni, ataunguza hata maji, na hatakwenda popote. Watabaki wote wawili. Nimelipima hili kwa makini, na sioni kasoro yake.

Kwa hiyo naomba ukuta wa zamani ujengwe upya katikati ya shule, wavulana upande wa mto, wasichana upande wa kanisa. Mawe nitatoa mimi. Fidelma amesikia, akasema yuko tayari kuunyoosha, kwa kuwa ule nilioujenga nyuma ya gereji umelala.

Nisalimie Bwana Scully, ingawa nimekasirika naye. Nisalimie Mwalimu Concepta, mpishi wa kantini, mfagizi, na yule bibi wa ofisini mwenye gari jekundu. Mwambie mlio ule si wa kawaida, alilete.

Ni mimi mzazi wako mwenye msimamo usiotikisika,

Malachy Duignan

Nyongeza: Fomu zote mbili zimo ndani ya bahasha hii. Nilizisaini Jumapili, vilevile watoto walivyozijaza. Alama ya dole jeusi la grisi pembeni ni yangu. Nilikusudia kukuomba uwafiche hadi Jumatatu, maana wiki hii Lorcan ananipikia kila jioni ili kunilainisha, na kesho ni zamu ya bega la mwanakondoo. Lakini jana nikivua buti mlangoni nilimsikia akimwuliza dada yake, "Akila hiki, unadhani atasaini?" Fidelma akamjibu, "Akikaza sana, mwombe asaini yako tu. Mimi nitajifunzia hapa hapa gerejini." Nikavaa buti tena nikarudi nje, nikasimama kwenye mvua kama mjinga. Basi bahasha naileta mwenyewe asubuhi hii; waambie leo, kabla ya kengele ya kwanza. Ila mwambie Lorcan lile bega lishatoka kwenye friji, halirudi.