Gari la Mkandarasi Lapunguzwa Uzito

Fundi Manyoya aliliona gari kwanza, mwenye gari baadaye. Lilikuwa dogo, la njano, la watu wawili, limelala chini kama linatafuta sarafu iliyoanguka, na lilipovuka tuta la mbele ya gereji lilikwaruza tumbo kwa sauti iliyomfanya kila fundi wa mtaa ule ainue kichwa. Kisha mlango ukafunguka, akaanza kutoka mkandarasi. Alitoka kwa awamu, kama anavyojenga barabara: kwanza mguu, halafu mapumziko, halafu ahadi kwamba sehemu iliyobaki inakuja.

Mkandarasi huyu tunamfahamu. Ndiye aliyepewa barabara ya sokoni akaipaka lami nyembamba kama siagi kwenye mkate wa bahili, na mvua mbili baadaye lami ikawa imehama. Alipoulizwa, alisema magari ya wananchi ni mazito. Walioiba kuku mwaka ule walifungwa. Yeye alipewa daraja.

"Fundi," alisema, akijifuta jasho, "shemeji yangu ana gari kama hili hili. Kila Jumapili tunakimbizana kule uwanja wa zamani wa ndege, na kila Jumapili ananiacha. Juzi alifika, akashuka, akanywa soda, akamaliza, ndipo mimi nikafika. Niongezee nguvu ya injini."

Fundi mwaminifu angebadilisha oili na plagi, angeweka pedi mpya za breki, kisha angemshauri mteja aache kukanyaga breki katikati ya kona. Manyoya alikuwa fundi hodari. Uaminifu ndio ulikuwa bado njiani. Alilizunguka gari polepole, mikono mgongoni, kama daktari ambaye ugonjwa hajaujua ila bili ameshaijua.

"Bosi, nani kakudanganya habari za nguvu? Nguvu ni ya lori. Gari la namna hii adui yake ni uzito. Ukiongeza injini utakimbia kwenye mstari ulionyooka tu. Ukipunguza kilo, unaondoka haraka, unakata kona haraka, unasimama haraka. Tairi zinapumua, breki zinapumua. Gari liwe unyoya."

Yote hayo yalikuwa kweli, na ubaya uko hapo. Mwongo mbichi huanza na uongo. Aliyeiva husema kweli tupu mpaka ifike bei.

"Unatozaje?"

"Kwa kila kilo ninayoitoa."

"Yaani nikulipe kwa kuondoa?"

"Kuweka kila mtu anaweza, bosi. Kujua cha kuondoa, na kitu kikabaki kinaonekana kizima, hiyo ndiyo taaluma."

Mkandarasi aliitikia kwa kichwa taratibu, macho yakimlainika. Miaka yote hiyo kazini, hatimaye alikuwa amekutana na mtu wa fani yake.

Kazi ikaanza siku hiyo hiyo. Likatoka tairi la akiba na jeki yake. Ikatoka redio na spika zake, yakatoka mazulia, kikatoka kiyoyozi na mabomba yake yote. Vikatoka viti viwili vya ngozi, laini kama shavu la mtoto, mahali pavyo vikaingia vibao viwili vilivyopindwa, ambavyo Manyoya alivieleza kwa heshima kuwa viti vya mashindano. Kila kitu kilipandishwa kwenye mizani mbele ya mteja. Mizani Manyoya aliiazima kwa muuza mkaa. Ya mnunuzi wa vyuma chakavu ilikuwa karibu zaidi, lakini ile hupunguza.

"Na huu mzigo wote uliotoka?" mkandarasi aliuliza.

"Takataka, bosi. Nitakutupia. Sitakudai hata nauli."

"Mungu akubariki, fundi."

Takataka zilitupwa umbali wa hatua chache tu, kwenye chumba cha nyuma, kwa Shangazi.

Shangazi, fundi wa viti vya magari, alikuwa dada wa marehemu baba yake Manyoya. Kiwanja kile cha pembeni, chenye gereji mbele na chumba cha cherehani nyuma, kilikuwa nusu chake na nusu cha Manyoya, aliyeirithi kwa baba. Chumba kile cha mabati ndicho kilichomsomeshea watoto na kumzikia mume. Alikuwa na miwani iliyofungwa uzi, mdomo usiofungwa na chochote, na wateja wa kila aina. Manyoya alileta mali, Shangazi aliiuza na kukata chake. Safari hii mnunuzi alijileta mwenyewe. Alikuwa shemeji wa mkandarasi, aliyesikia kuna viti vizuri vya gari kama lake.

"Kachukua viti, kachukua spika, kachukua mpaka zulia, kaweka juu ya zulia lake," Shangazi alisema, akicheka mpaka uzi wa miwani ukalegea. "Anasema anataka starehe. Mwanangu, mwisho mmoja atakuwa na magari mawili na mwenzake atakuwa na upepo."

"Basi wa upepo atashinda, Shangazi."

Alishinda kweli. Jumapili ile gari la njano lilipita kona kama mtu anayekwepa mdai, na la shemeji likaja nyuma, limejaa muziki. Mkandarasi alitaka kushuka anywe soda, ila kiuno kilikuwa kimegoma kwa sababu ya kile kibao, ikabidi soda aletewe.

Jumatatu alikuja gerejini kushukuru. Alisimama katikati ya kiwanja, akatazama barabara ya huku, akatazama ya kule, akatazama madoa ya oili chini kama mtu anayetazama shamba.

"Kona hii ni ya nani, fundi?"

"Yangu, bosi. Yangu na Shangazi."

"Ingefaa sheli. Pampu pale, pampu pale. Huyo mama atakubali?"

"Nusu yangu ni neno lako tu. Ya Shangazi niachie mimi. Miwani yake mibovu. Nikimpa karatasi nikamwambia ni ya bili ya maji, atatia saini."

Ukuta wa mabati hauna siri. Nyuma ya ukuta cherehani ilisimama. Kisha ikaendelea, mshono ule ule, kasi ile ile.

Siku mbili baadaye akaja mzee mmoja kwa miguu. Suti nyeusi, viatu vinavyong'aa, sauti ya chini, uso wa mtu asiyeshangazwa na bei. Gari la njano lilikuwa gerejini kwa ajili ya pedi za breki. Mzee alilisogelea, akavua kofia, akasimama mbele yake kimya kwa heshima kubwa mno.

"Hili ndilo lililoshinda Jumapili?"

"Ndilo, mzee wangu."

"Limetolewa kila kitu?"

"Kila kitu. Limebaki roho."

"Roho," mzee alisema, kama mtu anayelijua sana neno hilo. "Nina watu wangu wanatafuta moja la namna hii. Kununua lenye kila kitu ni rahisi. Lililotolewa vizuri halipatikani. Ni lako?"

"Karibu liwe langu."

"Likiwa lako, nitalichukua kama lilivyo. Usiongeze hata msumari. Mimi huwa sinunui kwa dereva, hununua kwa fundi." Akataja bei. Manyoya alishika boneti. Kisha mzee akatoa bahasha nyembamba ya fedha, kishika nafasi, akasema atarudi Ijumaa, akaondoka kwa mwendo wa pole, bila kugeuka.

Tusimcheke Manyoya haraka. Mtu akiuza uongo mmoja kila siku, siku moja jioni anarudi nyumbani na njaa, anaula mwenyewe.

Alimkimbilia mkandarasi ofisini. Kumpa kiwanja wabadilishane hakuthubutu. Ukimpa mtu kona ya mji kwa gari lisilo na zulia, atajiuliza gari lina nini. Akasema tu kwamba amelipenda.

"Umelipenda," mkandarasi alisema. "Mimi nimeagiza jipya, la milango minne. Hili chukua. Bei ni ile niliyonunulia, fedha mkononi, mwisho kesho."

"Bosi, lakini halina viti."

"Vilikuwepo nilipolinunua."

Manyoya akarudi mbio kwa Shangazi. Alimkuta ameweka sindano midomoni, anapima kitambaa.

"Shangazi, nina shida ya haraka. Ninunulie nusu yangu ya kiwanja."

"Mimi? Nina vijisenti vya mazishi yangu, mwanangu, na hiki kidogo ulichonipa kwenye viti."

"Hufi wiki hii."

"Nani kakuambia? Umeongea na Mungu?"

"Shangazi, nakuomba. Tuandike rehani. Wiki ijayo naikomboa, na nyongeza juu."

"Rehani inanipandisha presha. Tuandike imeuzwa, waje muuza mkaa na mama wa duka watie saini, mimi nilale. Ukija na fedha wiki ijayo tutaongea. Sisi si ni damu moja?"

Bei aliyotoa ilikuwa ya dhuluma. Manyoya aliipokea huku akimwonea huruma, maana moyoni alijua kwamba Jumatatu angemnyang'anya tena kiwanja chote na kumwachia cherehani. Aliyeuza akaandika, aliyenunua akasogeza miwani, akasoma kila neno mara mbili, hata alama za nukta. Jioni ile mkandarasi alilipwa gari lake, na sehemu ya fedha zile ilikuwa bei ya viti vyake mwenyewe. Alizipokea bila kuzitambua. Watu wa aina yake fedha hazijawahi kuwarudia, huwa zinawaendea tu.

Ijumaa Manyoya aling'arisha gari mpaka akajiona mlangoni. Akavaa shati la mikono mirefu. Asubuhi ikapita, mchana ukapita. Jioni likaingia gari moja refu, jeusi, la kampuni ya mazishi, likapiga honi kwa Shangazi. Kwenye usukani alikaa mzee wa suti.

"Mzee wangu!" Manyoya alipaza sauti. "Gari lako liko tayari!"

Mzee alilitazama la njano kwa upole.

"Kijana, abiria wangu husafiri wamelala. Hilo lina nafasi ya kulala?"

"Si ulisema watu wako—"

"Watu wangu hao unaowaona," mzee alisema, akionyesha nyuma ya gari lake, ambako bahati nzuri hapakuwa na mtu. "Mama wa cherehani aliniomba nije nilisifie gari. Nikalisifia. Tena niliona ni zuri kweli. Kile kishika nafasi alinipa yeye, kwa hiyo usinirudishie mimi."

Shangazi alitoka na futi yake shingoni, akaanza kupima kiti cha dereva wa maiti.

"Shangazi! Umenitapeli!"

"Punguza sauti, kuna mteja. Nimekutapeli nini? Ulitaka gari, unalo. Kiwanja ulikuwa hukitaka."

"Urithi wa baba yangu!"

"Baba yako nilimbeba kwa mgongo huu. Hakuacha neno kwamba niuzwe mimi na cherehani yangu kwa bili ya maji." Akaandika kipimo kwenye kiganja. "Na kuanzia leo hapo ulipoegesha ni kwangu. Tafuta pa kuliweka."

Pa kuliweka hapakuwepo. Manyoya alilala kwenye kibao kimoja, miguu juu ya kingine, akajua sasa kwa nini mkandarasi aliletewa soda.

Jumapili jioni mkandarasi akaja na gari jipya la milango minne, lenye viti vinavyopasha joto na jokofu dogo katikati. Uso wake ulikuwa umekunjamana.

"Fundi, shemeji kanipita. Amesikia habari za uzito, katupa mpaka spika. Nirudishie lile langu."

Manyoya alihisi damu ikirudi mwilini. "Bosi, ni bei ile ile tu."

"Ile ya gari zima?" Mkandarasi alichungulia ndani. "Humu hamna kitu, fundi. Tulipima wote, kilo kwa kilo, na kila kilo nilikulipa. Sasa unataka nilipie hewa? Nitakupa bei ya chuma."

Manyoya akapokea bei ya chuma.

Msomaji anayesubiri mkandarasi naye aumie, asubiri. Wengine tumeanza kusubiri tangu daraja. Lakini alipokuwa anajipenyeza kwenye kile kibao, akiugulia kiuno kidogo, alikumbuka jambo.

"Na ile kona? Nimeshaongea na watu wa pampu."

Manyoya alitazama kwenye mlango wa mabati. Shangazi alikuwa amesimama pale, kitambaa begani.

"Mama," mkandarasi alisema, akitabasamu kwa meno yote, "taja bei. Yoyote."

"Mkubwa, wajukuu wangu wanasoma kwenye madarasa uliyojenga wewe," Shangazi alisema. "Mvua ikinyesha wanahamia chini ya meza. Basi nenda ukayaezeke, halafu uje unione. Siku hiyo pia nitakataa, lakini nitakupa chai."

Gari la njano liliondoka, jepesi, zuri, likakwaruza tumbo kwenye tuta, likapotea. Vumbi likatulia kwenye kiwanja ambacho hakikuwa na pampu hata moja.

"Funga lango, mwanangu," Shangazi alisema. "Kisha uje unishikie hiki kitambaa. Upande ule. Kivute, usikipinde."

Manyoya akafunga lango, akaja, akashika.