Unajua Mimi ni Nani?

Kwa niaba ya Idara ya Uratibu wa Kumbukumbu, kanda ya Nakuru, nina heshima kubwa kutangaza kwamba tatizo la wazee kupoteza kumbukumbu limekwisha. Limemalizwa kwa tableti.

Mfumo wetu unaitwa KUMBUKA. Humsikiliza mgonjwa, humuuliza maswali machache, kisha humwandalia daktari mpango wa matunzo: nani amwangalie, mlango upi ufungwe, nesi afike nyumbani siku zipi. Mimi, Levis Makokha, Mratibu Mkuu, niliusimamia tangu mwanzo. Kanuni ya Tisa niliiandika kwa mkono wangu: uamuzi wa mfumo hauwezi kutenguliwa na binadamu, hasa daktari. Madaktari wana tabia ya kumtazama mgonjwa halafu kutoa maoni.

Miezi saba ya majaribio ilifana. Hakuna mgonjwa aliyelalamikia mfumo, kwa sababu hakuna aliyefaulu kuingia. Kuingia kulihitaji neno la siri, ambalo mgonjwa aliambiwa mara moja, kwa mdomo, na kukatazwa kuliandika. Wapo waliolibeza sharti hili. Lakini tuseme ukweli: mtu asiyekumbuka neno la siri, tutaaminije kwamba amekumbuka vizuri ugonjwa wake?

Aliyenisumbua zaidi ni Mercyline, fundi wa nguo. Baba yake, Mzee Sitati, alifanya kazi ya reli miaka thelathini, na mpaka leo huamka alfajiri kwenda kazini. Kazi ndiyo haipo.

"Boss, jana ametoka tena," aliniambia, macho mekundu. "Tumempata huko Njoro, anafuata reli na miguu, hana viatu. Siku moja nitaitwa kuokota maiti. Nataka tu nesi akuje mara mbili kwa wiki, nipate kuenda kazi."

"Neno la siri analo?"

"Hata jina yangu hana."

"Basi arudi akilikumbuka," nilisema, kwa upole ulionigusa hata mimi mwenyewe.

Daktari Indira wa kliniki ya wazee aliniletea mpango wa Mzee Sitati aliouandika kwa kalamu, ukurasa mmoja tu, akaomba sahihi yangu. Niliuweka kwenye trei ya mambo ya dharura. Trei hiyo hufunguliwa kila baada ya miezi mitatu.

Ikafika siku ya uzinduzi rasmi. Hema lilijengwa pale kliniki, na wagonjwa wakaalikwa ili waonekane. Mercyline aliketi nyuma na baba yake. Mimi nilifika na tableti mkononi, imeshawashwa kwa akaunti yangu. Langoni soja Joash akanisimamisha.

"Mzee, andika jina kwa kitabu."

"Unajua mimi ni nani?"

Tableti ikalia ting. Sikujali.

Ndani ya hema nilimkuta nesi Trizah kwenye kiti changu. "Unajua mimi ni nani?" nikamuuliza. Ting. Kisha chai ikaja kwa kikombe cha plastiki. "Hivi nyinyi mnajua mimi ni nani?" Safari hii mlio ulikuwa mrefu.

Nikapanda jukwaani na kuahidi wodi mpya ya wazee, ile ya mwaka jana na mwaka juzi. Halafu nikaunganisha tableti na spika ili wananchi wasikie teknolojia yao. Sauti ya mama mpole ikajaza hema.

"Mgonjwa ameuliza mara tatu yeye ni nani. Bado hajajua. Anarudia maneno yale yale na hakumbuki kwamba aliyasema. Mpango wa matunzo uko tayari. Asiendeshe gari. Asipewe karatasi za kusaini. Asiachwe peke yake na kipaza sauti. Aongeleshwe polepole."

"Zimeni hicho kitu!"

"Mheshimiwa," Daktari Indira alisema, polepole, "kuna Kanuni ya Tisa. Mimi ni daktari tu."

Tableti ikaendelea: "Je, yupo hapa anayemfahamu mgonjwa huyu?"

Niliwageukia wafanyakazi wangu kumi na wanne. Wote walikuwa wanakagua viatu vyao. Niliona wazi kwamba walikuwa wanafurahi.

Kule nyuma mtu akasimama. Alikuwa Mzee Sitati.

"Mimi namjua. Si huyu ni Levis, kijana ya Makokha wa loko, yule dereva wa treni? Aliungua mguu na maji ya chai, nikambeba kwa mgongo kutoka nyumba za reli mpaka hospitali. Alilia njia yote." Akanitazama vizuri. "Mguu imepona?"

Kovu ninalo, chini ya goti la kushoto. Mtu huyu alikuwa amepanga foleni mlangoni kwangu miezi saba, na mimi sikuwahi kuinua macho kumtazama. Niliona aibu. Naiandika hapa kwa sababu kwenye fomu za idara haina nafasi yake.

"Mgonjwa ametambuliwa," tableti ikasema. "Akae na anayemfahamu, mara mbili kwa wiki."

Kwa kuwa sikuruhusiwa tena kusaini, kazi hiyo ilimwangukia Daktari Indira. Trei ya dharura aliimaliza kabla chai haijapoa, akianza na ukurasa wa Mzee Sitati.

Siku hizi, kila Jumanne na Alhamisi, Trizah huja nyumbani kwa Mercyline, naye Mercyline huenda kwenye cherehani yake. Mimi huletwa na dereva saa mbili asubuhi. Mlango una komeo la juu, kwa ajili yetu sote wawili. Tableti huwekwa mezani, na mzee huniuliza swali lile lile.

"Wewe ni nani?"

Wiki ya kwanza nilimjibu inavyostahili: Mratibu Mkuu, Idara ya Uratibu wa Kumbukumbu. Tableti ikalia ting na kuniongezea mwezi mmoja wa matunzo.

Sasa nimejifunza.

"Ni Levis, mzee. Wa Makokha."

"Aaa. Mguu imepona?"

"Imepona, mzee."

Tableti hunyamaza.