Siku Dokta Soumaya Alipovunja Mifupa Sitini

Tegeni masikio, enyi watu wa mitaa ya Kinanira na Gasenyi, nanyi mlio juu mlimani Kiriri shusheni vioo vya magari, mpate habari za Soumaya binti Radjabu, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa upasuaji wa mifupa, mhariri mkuu wa jarida ambalo madaktari wanafunzi waliliandika wenyewe kwa miezi kumi na minne, wakiiba saa za kulala na za kula.

Asubuhi ya siku hiyo tukufu, nakala sitini zilitua wodini zikinuka wino. Soumaya, mkali wa macho, mwepesi wa kisu, alifungua ukurasa wa tisa akakuta maajabu. Eksirei ya muundi wa Mama Dorothée, muuza samaki wadogo wa ndagala, iliyopaswa kuonyesha mfupa uliokatika vipande viwili, ilionyesha mfupa mzima, mweupe, usio na ufa. Chini yake ilielezwa jinsi madaktari walivyoupasua mguu huo wakaufunga kwa chuma na skrubu nane.

Kwa maandishi, basi, walikuwa wamempasua mama wa watu bure. Na Profesa Sylvère, mkuu wa idara na mlinzi wa lango la jarida, alikwisha kuapa kwamba akikuta kosa kama hilo jarida litazikwa siku ileile litakapozaliwa. Naye alipanga kulisoma saa sita mchana.

Soumaya akazibeba nakala zote, akashuka mjini kwa Shakuru mchapishaji, bingwa wa kadi za harusi.

"Dokta," akanena Shakuru, kifua mbele, "mi natengeneza picha za maharusi miaka makumi mbili. Bibi-arusi akikuja na kovu ku uso, natoa. Ile mufupa ilikuwa na alama mubaya katikati. Nikatoa. Sikukuomba hata pesa."

"Kaka Shakuru, ile alama ndiyo ugonjwa yenyewe. Sisi tulipigana nayo masaa tatu, we umeiponyesha na kidole kimoja. Leo naomba uvunje."

Shakuru akarudi hatua moja nyuma. "Wallahi, sijawahi vunja mutu."

"Apana mutu, ni karatasi. Na nitavunja mi mwenyewe."

Ndipo Shakuru akafungua picha ya awali, mashine ikanguruma, ikatema picha sitini za mfupa uliovunjika kwa haki. Soumaya akashika mkasi, Shakuru akashika gundi, na vita vikaanza. Nakala kwa nakala wakaufunika ule uzima wa uongo. Ya ishirini na tatu ilibandikwa kichwa chini. Soumaya akaibandua, akairudisha mahali pake kwa subira ileile anayorudishia bega lililoteguka. Kufika saa tano na nusu, mifupa sitini ilikuwa imevunjika na hakuna aliyelia.

Saa sita Profesa akafika ukurasa wa tisa. Akapitisha kidole gumba juu ya picha, akagusa ukingo wa gundi, akasimama hapo.

"Imebandikwa," akasema.

"Ndiyo, Profesa. Mufupa ulipona mbele ya saa yake."

Profesa akaisogeza picha karibu na dirisha. "Umevunjika vizuri," akatamka, akafungua ukurasa wa kumi.

Na iandikwe, basi, ijulikane na vizazi, kwamba jarida liliishi, na kwamba jioni hiyo nakala ya kwanza ilipelekwa sokoni. Mama Dorothée akafuta mikono, akaitazama picha kwa muda mrefu.

"Eeh," akasema. "Ndiyo huu wangu."