Presha ya Indiketa

Mambo yalimharibikia Dokta Taa siku ya Alhamisi, siku moja kabla ya tangazo la indiketa kuanza kazi, saa nne na nusu asubuhi, akiwa amenyoa, ameoga na kujipulizia manukato.

Manukato yalikuwa ya jioni. Jioni alikuwa anakwenda kumrudisha mkewe, aliyekuwa kwa mama yake mwezi wa tatu sasa na sharti moja tu mdomoni: "Siku utakayokuja na gari lako mwenyewe, lisilo la mteja, nitapanda. Vinginevyo usinisumbue." Mwanamume mwenye mke wa kugombana naye hajui alichonacho mpaka nyumba inyamaze. Ya Dokta ilikuwa imenyamaza. Basi akanunua gari, dogo, jeupe, akaliegesha mbele ya kibanda likimeremeta kama jino la bandia.

Pesa alizipata kwa msaada wa wakubwa. Si kwamba walimpa. Wakubwa hawampi mtu hata pole. Walibandika tangazo kwenye geti la ukaguzi wa magari: kila indiketa iwe na mwanga wa kutosha kuonekana mchana. Wa kutosha kwa macho ya nani, hawakusema. Walirudi kwenye viyoyozi vyao wakaacha wananchi waulizane. Dokta, aliyekuwa akiuza vifuniko vya usukani ng'ambo ya barabara, alilisoma mara moja tu, na vifuniko vikalala njaa tangu siku hiyo.

"Maana yake ni taa za LED," aliwaeleza wenye magari, kwa sauti ya mtu aliyekunywa chai na aliyeandika tangazo. "Hizi balbu zenu ni za enzi za babu. Ukikamatwa nazo, gari linalala ndani."

Wakabadilisha. Utamu ulikuwa hapo. Gari lililozoea balbu za zamani, ukilitia LED, indiketa hupepesa mbio mbio, kwa kuwa LED inakula umeme kidogo mno na gari hudhani balbu imeungua. Mwenye gari alirudi akihema.

"Dokta, mbona inapepesa hivi?"

Dokta alilaza sikio kwenye boneti, akafumba macho. "Presha, mzee wangu. Imepanda."

"Gari nalo lina presha?"

"Wewe na mikopo yako huna?"

Dawa ilikuwepo, na haikuwa ya bei ya bure. Aliingia nyuma ya bampa na kitu kilichoviringwa utepe mweusi, akakiunga kwenye waya, na indiketa ikatulia kama mtoto aliyenyonya. Ndani ya utepe mlikuwa na balbu ileile ya zamani ya mteja, ikiwaka gizani, ikila umeme wake kama ilivyozoea. Mtu alinunua kitu chake mwenyewe, akashukuru na kuaga. Hata kodi haijafikia ustadi huo, ingawa inajitahidi.

Asubuhi ile alikuja mteja aliyekwisha kuzitupa balbu zake. Dokta hakutaka kumwacha aende hivi hivi, akachomoa dawa za gari lake jeupe akamuuzia. Jeupe likabaki na presha. "Nitalitibu baadaye," alijiambia, na tamaa ikamwitikia.

Ndipo likaingia gari kubwa jeusi, la vioo vya giza. Akashuka mama wa makamo, miwani usoni, koti la kung'aa la wakaguzi limekunjwa kwapani. Dokta aliliona lile koti, lakini macho yake yalikuwa na shughuli kwenye rimu.

"Wewe ndiye daktari wa magari?"

"Ndiye, mama yangu. Karibu."

"Hili ni la kwanza. Ninayo mengine kumi na moja, ya kubeba wanafunzi. Yote yana presha."

Dokta alimeza mate kwa awamu. "Nitayatibu yote, mama."

"Basi mlaze huyu."

"Nimlaze?"

"Mgonjwa wa presha hatibiwi akiwa mlangoni, mwanangu. Mlaze. Mimi niwafuate wenzake kabla ya mchana. Ila sasa nitakwenda na nini?" Alilitazama lile jeupe kama mtu anayetazama kandambili za kuazima. "Haka nako kanatembea?"

Dokta alipima haraka. Anaachiwa tembo, anaazimisha mbuzi. Mwenye hasara ni nani hapo?

"Kanatembea, mama. Tena kwa madaha." Akatoa funguo kwa mikono miwili.

"Mgonjwa wangu asipigwe jua," mama alisema, akaondoka huku indiketa zikipepesa.

Dokta alikuwa amelala chini ya bampa akiimba alipoona viatu. Jozi mbili zilikuwa na vumbi, za askari. Ya tatu ilikuwa haijawahi kukutana na vumbi. Ilikuwa ya mkubwa wa ukaguzi mwenyewe.

"Hilo gari ni langu," alisema mkubwa.

Alieleza kwa shida. Mama mmoja mwenye koti la kung'aa alimfuata ofisini na karatasi, akamwambia gari la mkubwa likaguliwe kwanza, liwe mfano kwa raia. Mkubwa akampa funguo.

"Hukumuuliza ni nani, mkuu?" askari aliuliza.

"Karatasi ilikuwa na saini yangu."

"Uliisoma?"

"Saini yangu naijua."

Lilikuwa tangazo lenyewe, limebanduliwa getini. Na gari la mkubwa linajulikana kila kizuizi; mwizi mwenye akili huondoka na lisilojulikana.

Simu ya Dokta ikalia. Askari aliidaka, akaiweka sauti ya nje.

"Mume wangu, uko wapi?"

"Kazini, mke wangu."

"Kazini. Na gari lako jeupe, lile la kwenye picha uliyonitumia, limepita hapa nje sasa hivi, indiketa zinapepesa kama limeingiwa na mdudu jichoni. Mama naye kaliona. Anaendesha mwanamke wa miwani, tena katupungia mkono. Nilikuwa nimeshafunga sanduku."

"Mke wangu, nisikilize..."

"Nakusikiliza. Huyo mwanamke ni nani?"

Dokta alimtazama askari. Askari alimtazama mkubwa. Mkubwa alivitazama viatu vyake, ambavyo sasa vilikuwa na vumbi.

"Mjibu mkeo," askari alisema, akiisogeza simu karibu na mdomo wa Dokta. "Na sisi tunangoja. Ni nani?"