Patron Zebedayo kwenye kalibu ya ng'ombe

Wandugu, leo nimeaibika mchana kweupe, tena nikiwa na kofia mpya.

Mnanijua. Shule ya msingi sikuimaliza (mwalimu ndiye aliyechoka kwanza), lakini lile zizi kubwa njia ya Bogoro ni la nani? La Patron Zebedayo. Nilianza na mbuzi mmoja, naye alikuwa kilema. Leo hata site kwenye internet iko. Unaona foto ya ng'ombe, unabonyeza, unakuja.

Site ilitengenezwa na Espérance, mdogo wa bibi yangu. Shemeji huyu heshima hana, lakini kazi anaijua. Mwanzoni anwani za kurasa zetu zilikuwa namba na alama tupu, kama maandishi ya munganga. Nikamwambia, "Nataka anwani ambayo mtu anaweza kuitamka akiwa juu ya pikipiki, na mwenzake akaishika." Akatengeneza. Ya ng'ombe ina neno ngombe, kisha jina lake. Ya sisi wenye kazi ina neno watu. Yangu ikawa jina la site, barre (kile kimstari kilichoinama), watu, barre, patron-zebedayo. Tamu kama jina la kanisa.

Akanieleza na mambo ya ndani. "Habari zote zinakaa ghala moja, ukurasa unakuja kuchota tu. Ni kama matofali. Udongo ni mmoja, kalibu ndiyo inaamua. Ukisema kitu ni mtu, kinaingia kalibu ya watu. Ukisema ni ng'ombe, kinaingia ya ng'ombe, na anwani inafuata."

"Matofali unanifundisha miye?" nikamjibu. (Hapo ndipo ningepaswa kusikiliza.)

Sasa leo. Nilikuwa na wageni: Mama Georgette, mchuuzi wa ng'ombe kutoka upande wa Djugu, na ndugu zake wawili. Tangu zile fujo za vita, watu wa kule hawaachi ng'ombe alale kwetu. Wanauza, wanarudi mbio kabla jua halijageuka. Lakini siku hizi njia inapumua kidogo, na walikuwa wanatafuta zizi la kuamini hapa Bunia, mifugo ipumzike kabla ya soko. Wakinichagua, wengine watawafuata. Wakiogopa, tunarudi kulekule, kila mtu na kilima chake.

Kwa hiyo asubuhi nilifungua ukurasa wangu, nione kama unafaa kwa wageni. Foto ndogo kama tembre ya barua. Kofia haionekani. Nikafungua wa lile dume letu jekundu: foto imejaa telefone yote, pembe mpaka kwato. Yaani ng'ombe wangu mwenyewe anishinde umaarufu?

Nikaingia mwenyewe. Palipoandikwa aina, nikatoa mtu, nikaweka ng'ombe. Foto tu ndiyo niliitaka. Ikaanza kuniuliza maswali. Uzito? Nikaona ni sawa, mutu mukubwa lazima aulizwe uzito. Chanjo? Zote. Meno? Kamili, isipokuwa moja la nyuma. Tabia? Mpole, lakini akichokozwa anapiga. (Niliandika kweli, nikajipongeza.)

Foto ikajaa, kofia mpaka viatu. Nikafunga haraka, mega za internet zisiishe. Chini ya foto sikushuka.

Wageni wakafika, sukari, yaani soda, zikafunguliwa. Mama Georgette hakugusa yake. "Patron, siye tunakusikia tu kwa midomo ya watu. Weye ni nani hasa?"

Swali hilo nililingoja tangu alfajiri.

"Mama, mtu hajisifu mwenyewe. Toa telefone, andika." Nikamtamkia anwani kwa sauti ya mhubiri, barre kwa barre.

Akaandika. Akangoja. Akakunja uso. "Nimeandika watu. Imejibadilisha, inasema ngombe."

"Ni réseau, Mama, mtandao unasumbua." (Hapa Bunia kila aibu tunamtwika réseau.)

Espérance alikuwa anapita na sahani ya karanga. Akasimama. "Shemeji, uligusa aina?"

"Niligusa kidogo."

"Basi si réseau. Mtu akija kwa anwani ya zamani, site inamshika mkono inamfikisha kwa mpya. Niliipanga hivyo ili wateja wasipotee."

Hawakupotea. Mama Georgette alianza kusoma kwa sauti, na kila mstari akinitazama kama tuko sokoni.

"Dume. Uzito, kilo mia na kidogo. Pembe, hakuna. Chanjo, zote. Meno, kamili isipokuwa moja la nyuma. Tabia, mpole, lakini akichokozwa anapiga. Anafaa kwa..." Akasogeza telefone karibu na macho.

"Anafaa kwa nini?" ndugu yake akauliza.

"Kukokota na nyama."

"Hiyo kalibu inajiandikia yenyewe," Espérance akasema, kana kwamba ni faraja.

Nikaona zizi langu likiondoka na vumbi la pikipiki zao. Kisha yule ndugu wa pili, ambaye tangu afike hakuwa amefungua mdomo, akainama, akanichungulia magoti. "Atembee kidogo tumuone."

Mama Georgette ndiye aliyepasuka wa kwanza. Alicheka mpaka akafungua kitambaa cha kichwa akajifuta machozi. Wote wakafuata, na wachungaji wangu huko zizini, wasiojua hata kinachochekwa.

Alipotulia akasema, "Zebedayo, mimi nimeuziwa ng'ombe waliopakwa matope kuficha kidonda. Huyu wa leo ametangaza mwenyewe mpaka jino lililotoka, mpaka kwamba anapiga. Zizi la mutu kama huyu, naweza kulala."

Akabonyeza kitufe cha chini, kile cha mteja kushika mnyama kabla hajaja kumchukua. "Sasa weye iko wetu. Ng'ombe wanakuja kabla ya soko."

Wameondoka jioni hii, sukari zote zimeisha. Espérance anasema ningemuomba tu, angepanua foto kwenye kalibu ya watu. Pia anataka kunirudisha huko sasa hivi, maana kwenye foto utepe mwekundu umenikatiza kifua umeandikwa AMESHIKWA, na bibi yangu anauliza nimeshikwa na nani. Nimemwambia Espérance auache mpaka ng'ombe wa Djugu waingie zizini.

Na ninyi wa Komanda mnaopiga simu kuuliza kama lile dume la kofia bado liko: mmechelewa.