Ombi la Kutanguliza Mlango na Kuahirisha Breki

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Magari,

Nakuandikia kwa heshima, kwa hasira kidogo na kwa uzee zaidi.

Wiki tatu zilizopita ulichapisha mwongozo wa kufufua gari kuukuu: kwanza breki, kisha usukani, kisha injini; milango na honi vikasukumwa mkiani kama wageni wasioalikwa. Binti yangu, ambaye ni fundi na ndiye anayelitengeneza gari langu, aliukata akaubandika ukutani gereji. Sasa nikifungua mdomo tu, ananyoosha bisibisi ukutani: “Baba, soma.”

Nimesoma. Nilikuwa msahihishaji wa chapa miaka thelathini, na sijapata kuona orodha iliyopangwa kichwa chini kama hiyo.

Gari hili ndilo lililotutoa kwetu, mimi na dada yangu mkubwa, miaka arobaini na moja iliyopita. Siku mbili mimi naendesha, yeye kando yangu ameng'ang'ania mlango usifunguke. Hakuuachia hata kwa kula. Leo ana miaka themanini na sita, na mwezi ujao anahamia ng'ambo kwa mwanawe. Ameniahidi safari moja ya mwisho ndani ya gari hili, hapa hapa mtaani. Kwa mpangilio wako, litakuwa tayari miezi minne baada ya yeye kuondoka.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mlango utangulie. Nataka safari hii dada yangu akae kama malkia, mikono mapajani. Binti yangu anadai kitasa ni kizima, eti amekijaribu mara ishirini. Yeye alizaliwa miaka sita baada ya safari ile. Atanieleza nini mimi kuhusu kitasa kile?

2. Breki hazina haraka. Gari limekaa uani miaka kumi na tisa bila kusogea hata shubiri. Kama kuna somo ambalo gari hili limehitimu, ni kusimama.

3. Usukani nao ungoje. Barabara yetu imenyooka kama rula. Kona ni moja tu, na jirani wa hapo nimeshamjulisha.

4. Injini ni makelele matupu, na sisi tunataka kuzungumza. Wapwa zangu wawili wamekubali kusukuma. Pumzi hawana, lakini moyo wanao.

5. Kwa sababu hizo, honi ni ya lazima. Gari lisilo na breki wala usukani linahitaji honi kuliko gari lolote lingine barabarani. Sielewi mtaalamu kama wewe umelikosaje hilo.

6. Binti yangu husema haraka haraka haina baraka. Mimi humjibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Tumefika mahali tunasalimiana kwa methali.

Naomba basi uuchapishe upya mwongozo huo, wa mwisho awe wa kwanza. Ukiona mafanikio, uwashauri na wengine: nyumba zianze na mapazia, madaraja yaanze na utepe wa kukatwa. Hilo la madaraja nasikia wakubwa wameshalianza.

Nisalimie wapiga chapa, mfagizi, na yule anayewachemshia chai. Jirani wa kona naye anakusalimu. Yuko nje anahamisha maua yake.

Wako mwenye kuisubiri honi,

Msahihishaji Mstaafu

Tanbihi: Kabla ya kufunga bahasha nilimsomea dada yangu barua hii. Alicheka mpaka akavua miwani. “Wewe mtoto,” akasema, “nani kakwambia nilikuwa naufunga? Mlango ule ulifunga vizuri kuliko mdomo wako. Breki zilikufa kwenye kilima cha kwanza, ukawa unasimama kwa kuparamia vichuguu. Nilikamata kitasa niruke!”

Nikamuuliza mbona hakuruka, siku mbili nzima.

“Ningekuachia nani?”

Amempigia mwanawe simu, amesogeza kuhama kwake kwa miezi minne. Mwongozo wako, Ndugu Mhariri, uache ulivyo. Breki kwanza.